Barua ya wazi kwa Baraza la Wazee: Tupeni nafasi ya kulisikia Neno

Kwa Mchungaji Kiongozi,
Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Wazee,
Kwa Kamati ya Ibada na Kamati ya Ujenzi,
Usharikani kwetu, Dar es Salaam.

Bwana Yesu asifiwe.

YAH: USIKIVU WAKATI WA MAHUBIRI, NA AGIZO LA KUWAAMSHA WANAOSINZIA

Baba Mchungaji, na wazee wangu katika Bwana,

Nimeona vigumu kuandika hadharani jambo ambalo lingeweza kumalizwa ofisini kwenu. Nililianzia panapostahili. Nililisema kwa mzee wa mtaa wetu, likazungumzwa kwenye jumuiya, kisha nikaliandika na kulikabidhi ofisini kwa mkono wangu. Nikajibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Kazi tuliyoiona sote ni tangazo lililosomwa mimbarini: kuanzia sasa wazee wa zamu watapita katikati ya mabenchi wakati wa mahubiri, watawagusa wanaosinzia, na atakayerudia atasimamishwa mpaka mahubiri yaishe.

Halikupita juma, mama mmoja akasimamishwa. Wengi mlimwona. Ni muuguzi, na asubuhi ile alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alipita nyumbani, akawaogesha watoto, akawavalisha, akaja nao kanisani badala ya kwenda kulala. Alisimama kando ya benchi, watoto wake wakimtazama, hadi mhubiri aliposema Amina. Tangu hapo sijamwona ibadani. Hilo ndilo lililonifanya niitoe barua hii nje.

Mimi ni msharika wa kawaida, mwalimu wa shule ya msingi, na ninaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Sikuja kulalamika kwamba mahubiri yananichosha. Nalalamika kwamba nayakosa. Juma zima nakumbana na mambo yanayonihitaji nisimame juu ya neno la Mungu, na Jumapili ndiyo siku niliyoitengea kulisikia likifunguliwa na mtu aliyesomea na kuliombea. Halafu nakaa pale, natega sikio, na mpangilio mzima wa ibada unanivuta nisisikie. Naomba mnisomee hoja zangu moja moja.

1. Neno linatufikia tukiwa tumeshachoka

Ibada ya pili huanza saa 3:30 asubuhi. Tunaimba, tunatubu, tunasomewa masomo ya siku. Hadi hapo mambo yanakwenda vizuri. Baada ya hapo kwaya zote zinaimba, na kila moja ina nyimbo mbili. Wageni wanasimama mmoja mmoja wakitaja wanakotoka. Yanakuja matangazo, ambayo nusu yake yamebandikwa ubaoni nje na yameshatumwa kwenye kundi la simu la kila jumuiya. Kamati ya Ujenzi inasimama: waliotimiza ahadi zao za paa wanasomwa majina na kiasi, ambao bado wanakumbushwa, na kama kuna kuku au mkungu wa ndizi, mnada unafanyika hapo hapo badala ya kungoja nje baada ya ibada kama zamani. Mhubiri anapopanda mimbarini ni saa 5:30, na maneno yake ya kwanza karibu kila Jumapili ni kwamba muda umetutupa mkono. Kisha anahubiri saa nzima.

Muda haukututupa mkono wenyewe. Tuliugawa, na Neno likapewa mabaki.

Shuleni kipindi kimoja ni dakika 40, na kwa darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Walimu wa hisabati tunapigania vipindi vya asubuhi, kwa sababu tunajua akili ya mtoto ilivyo saa 2 na ilivyo saa 7. Hakuna mwalimu mkuu atakayewakalisha watoto saa mbili wakisikiliza matangazo ya michango, kisha awape somo gumu kuliko yote, kisha awachape kwa kupiga miayo.

Najua mtanijibu kwa Nehemia sura ya 8. Mhubiri mmoja alitusomea sura hiyo kutuonyesha jinsi Waisraeli walivyosikiliza torati tangu asubuhi hata adhuhuri bila kuchoka. Ni kweli, na ninaipenda sura hiyo. Lakini tuisome yote. Ezra alianza kusoma mapambazuko, watu wakiwa na nguvu zao. Hakukuwa na kitu kilichotangulia kitabu. Walawi walikuwa kati ya watu wakiwaeleza maana hata wakayafahamu yaliyosomwa. Na walipomaliza waliambiwa waende zao, wale kilichonona na kunywa kilicho kitamu. Mkitupa ibada iliyopangwa kama ile, tutasikiliza hadi adhuhuri.

Mtasema pia kwamba bila michango jengo halitaisha, na kwamba mkisubiri mwisho wa ibada watu wanaondoka. Nami ni mtoaji, bahasha zangu mnazo. Siombi michango ifutwe. Ila ikiwa hofu ni kwamba watu wataondoka kabla ya michango, basi mnakiri kwamba mahubiri yamewekwa mwisho ili yawe chambo cha kutushikilia tuchange. Sidhani kama kuna mzee hata mmoja kati yenu angependa kulisema hilo kwa sauti.

2. Tunasikia kelele, maneno hatuyasikii

Mama mkwe wangu ana matatizo ya kusikia. Hukaa benchi la mbele kabisa akidhani huko atasikia vizuri, na kila Jumapili anarudi nyumbani kichwa kinamuuma na anatuuliza leo mchungaji alisema nini. Tumenunua spika kubwa, na nashukuru kwa waliozitoa. Lakini sauti kubwa na sauti inayoeleweka ni mambo mawili.

Kanisa letu lina kuta za saruji tupu, sakafu ya vigae na bati lisilo na dari. Kila neno linagonga ukuta, linarudi na kulikuta neno linalofuata njiani. Halafu kuna spika za mbele na za nyuma. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliyekaa nyuma anapata neno kwanza kutoka spika iliyo juu yake, na takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye anapata neno lile lile kutoka mbele. Masikio yanalazimika kuchambua maneno mawili yaliyolaliana, dakika baada ya dakika, kwa saa nzima. Akili inafanya kazi hiyo kwa muda, kisha inachoka na kuacha. Kwa nje mnamwona mtu amesinzia, kumbe amechoka kukusanya vipande.

Kijana wa kwaya alipima ukubwa wa sauti kwa programu ya simu, mhubiri alipokuwa kwenye kilele cha mahubiri, akakuta inapita desibeli 95. Programu ya simu si kipimo rasmi, nalijua hilo, ndiyo maana naomba mpime kwa kifaa halisi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inashauri mfanyakazi asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 94 ni saa 1 tu. Watoto wetu wadogo wanakaa chini ya spika hizo.

Fundi mitambo wetu ni kijana mwema anayejitolea, na simlaumu. Hakuna aliyemfundisha. Ameachiwa mashine na anaambiwa "ongeza" na kila anayeshika maiki.

3. Joto na hewa

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hapa Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na ndani ya kanisa lisilo na dari bati nalo linashusha joto lake. Sisi wenyewe tunaongeza. Mtu mzima aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 500 ni wati 50,000, sawa na kuwasha pasi za umeme 50 za wati 1,000 ndani ya chumba kimoja na kuziacha zinawaka tangu asubuhi. Madirisha ya upande wa barabarani yamefungwa kwa sababu majirani walilalamikia sauti yetu. Kwa hiyo spika zilizofunguliwa kupita kiasi ndizo zilizotufungia hewa. Zikipunguzwa, madirisha yatafunguka bila kikao.

4. Mambo yanayopita mbele ya mimbari

Mpiga picha wa kurusha ibada mtandaoni anatembea mbele ya mhubiri akisogeza kamera. Wahesabu sadaka wanapita na masanduku. Karatasi inapelekwa mimbarini, na mhubiri anakatishwa katikati ya sentensi ili asome namba ya gari lililoziba njia. Macho yanafuata kinachotembea, ndivyo Mungu alivyoyaumba.

Tatizo hili ni la zamani. Yohana Krisostomo, mhubiri aliyeitwa Mdomo wa Dhahabu, alipokuwa akihubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, aliwahi kukatisha mahubiri yake kuwakemea waumini kwa sababu macho yao yalimhama na kumfuata mtu aliyekuwa akiwasha taa kanisani. Ikiwa mwasha taa mmoja aliwahamisha watu kutoka kwa mhubiri bora kuliko wengi waliowahi kuishi, kamera tatu zitatufanya nini sisi? Mpiga picha apewe mahali pamoja na akae hapo. Gari lililoziba njia lisubiri Amina.

5. Agizo la kuamsha

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, na naomba mnisamehe nikisema wazi.

Nani hasa anasinzia katika usharika wetu? Niliwatazama. Ni mlinzi aliyekesha getini kwa watu. Ni dereva wa bodaboda aliyeegesha saa 9 usiku. Ni mama lishe aliyeamka saa 10 alfajiri apike vitumbua vya wateja wa asubuhi, kwa sababu Jumapili watu wanakula pia. Ni bibi anayemeza dawa za shinikizo la damu. Ni binti wa kazi za ndani ambaye Jumapili asubuhi ndiyo mara yake pekee ya kukaa kwenye kiti bila kuitwa. Wenye kazi za kiofisi na usingizi wa kutosha hatusinzii sana, sisi tunachati. Wazee wa zamu wanapopita wanawagusa wale wa kwanza. Wale wa pili hawaguswi, maana macho yao yako wazi.

Kwa hiyo agizo hili, bila shaka bila ninyi kukusudia, limekuwa adhabu kwa maskini kwa kosa la kufanya kazi usiku.

Mtanikumbusha Gethsemane, kwamba Bwana aliwauliza wanafunzi kama hawakuweza kukesha pamoja naye hata saa moja. Aliuliza. Kisha akasema yeye mwenyewe kwamba roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Luka anaongeza kwamba aliwakuta wamelala kwa huzuni. Alipowarudia tena akawakuta wamelala, Mathayo anasema macho yao yalikuwa mazito, naye akawaacha akaenda kuomba. Hakumsimamisha Petro kando ya mti mbele ya wenzake.

Paulo alihubiri Troa hadi usiku wa manane, katika chumba cha juu chenye taa nyingi, na kijana Eutiko akalemewa na usingizi dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu. Matendo sura ya 20 haina neno hata moja la kumlaumu Eutiko. Paulo alikatisha maneno, akashuka, akamkumbatia. Na Elia, nabii mzima, alijilaza chini ya mretemu akitaka kufa. Malaika alimgusa, naam, kama wazee wetu wanavyogusa. Lakini malaika alikuja na mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamrudia mara ya pili na kumwambia ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Nawaomba wazee wa zamu wasome 1 Wafalme 19 kabla ya kuinuka kwenye viti vyao Jumapili ijayo.

Katika makanisa ya Uingereza ya karne ya 17 na ya 18 alikuwapo mtu wa kazi hiyo hiyo. Alipita na fimbo ndefu akiwagonga waliolala, na sehemu nyingine alilipwa kwa hiyo. Desturi hiyo imekufa huko ilikozaliwa. Sioni kwa nini sisi tuiokote.

Mtu akisimamishwa kwa kusinzia, anachojifunza ni kwamba nyumba ya Mungu ni mahali pa kuaibishwa. Kama hawezi kuukwepa usingizi, ataikwepa nyumba. Yule muuguzi ameikwepa. Angekaa nyumbani tangu mwanzo angelala raha mustarehe na asingeulizwa na mtu. Alikuja kwa sababu alitaka kuja.

6. Simu

Agizo la kuzima simu zote mlilitoa kwa nia njema, na mimi ni wa kwanza kukubali kwamba watu wanachati. Lakini washarika wengi, hasa vijana, Biblia yao iko kwenye simu, na wenye macho dhaifu wanakuza maandishi humo kwa sababu Biblia ya maandishi makubwa ni ghali. Kumnyang'anya mtu Biblia yake ili asikilize vizuri mahubiri ya Biblia hakuingii akilini. Mhubiri akitaja kifungu, atupe nafasi ya kukifungua, tusome pamoja kwa sauti. Mtu anayesoma kwa sauti na wenzake hana nafasi ya kuchati.

7. Mahubiri yenyewe

Baba Mchungaji, hoja hii ni yako na ya wahubiri wageni unaowaalika, nami naiandika kwa heshima ya mtoto kwa mzazi.

Kalenda ya kanisa inatupa masomo ya kila Jumapili na wazo kuu la siku. Tunasomewa masomo hayo. Kisha, mara nyingi mno, mahubiri yanaanza na salamu ndefu, yanapitia safari ya mhubiri, yanagusa siasa, yanarudi kwenye ahadi za paa, na somo la siku linatajwa mwishoni mhubiri anapotafuta pa kushukia. Tunaambiwa tumgeukie jirani na kumwambia hili, tumgeukie tena na kumwambia lile. Kugeuka kunaamsha shingo tu. Kinachotuamsha sisi ni pale unapofungua andiko na kutuonyesha kitu ambacho kilikuwa pale miaka yote nasi hatukukiona. Unajua kufanya hivyo. Ulipohubiri kitabu cha Ruthu kwenye juma la maombi, sura moja kila jioni, nusu saa kila sura, kanisa lilijaa watu waliotoka kazini moja kwa moja, na hakuna mzee aliyelazimika kumwamsha mtu. Watu wale wale, mabenchi yale yale. Tofauti ilikuwa kwamba Neno lilikuja kwanza, lilikuwa moja, na lilikuwa na mwisho.

Karibu mwaka 400 shemasi mmoja wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, aitwaye Deogratias, jina ambalo hadi leo tunawabatizia watoto wetu, alimwandikia Askofu Augustino wa Hipo akilalamika kwamba anapofundisha wanaoanza imani, maneno yake yanakuwa marefu na makavu, yanamchosha hata yeye. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Humo anamwambia kwamba msikilizaji akianza kupiga miayo, mwalimu amwamshe kwa kumwambia jambo la kufurahisha au la kustaajabisha linalohusiana na somo, au ampe kiti, kwa kuwa huenda amechoka kusimama. Au amwahidi kwamba atamaliza upesi, na kweli amalize. Askofu mkubwa kuliko wote wa bara letu zama zile, alipoona miayo, alimtafutia mtu kiti.

Na karibu zaidi na sisi, Juni 2024 Papa Francis aliwaambia mapadre kwamba mahubiri yasizidi dakika nane, maana baada ya hapo usikivu unapotea na watu wanasinzia. Sisi si Wakatoliki, na mimi siombi dakika nane. Kwetu mahubiri ndiyo moyo wa ibada na dakika nane zingetuacha na njaa. Lakini kama kiongozi wa kanisa kubwa kuliko yote duniani aliweza kuitazama saa na kuwahurumia wasikilizaji, nasi tunaweza kuzungumza kuhusu nusu saa bila kuonekana tumepoa kiroho.

Najua yapo majibu mengine yanayoningoja. Kwamba usingizi kanisani ni wa yule mwovu, tufunge na kukemea. Ninaamini katika kuomba, na ninaamini pia kwamba aliyetupa akili ya kufungua dirisha anatarajia tulifungue kabla ya kukemea. Kwamba bibi na babu zetu walikaa ibada ndefu bila kulalamika. Walikaa, lakini kwenye kanisa dogo lenye madirisha wazi, mhubiri akisema kwa koo lake, na michango ikifanywa nje chini ya mwembe. Kwamba makanisa ya jirani yanahubiri saa tatu na watu wanaruka. Wanaoruka wako kwenye muziki. Sisi tunazungumzia kusikiliza, na Warumi 10:17 inasema imani, chanzo chake ni kusikia. Na kwamba mimi nimekosa adabu kwa kuandika hadharani. Hilo nitalipokea, nikishajibiwa yale niliyoyaandika kwa siri.

Ninachoomba ni hiki:

Agizo la kuwaamsha na kuwasimamisha wanaosinzia lifutwe, na litangazwe limefutwa pale pale mimbarini liliposomwa. Baba Mchungaji na mzee wa zamu wa siku ile waende nyumbani kwa yule mama wakamwombe radhi. Waende wenyewe, asiitwe ofisini.

Mahubiri yaanze kabla ibada haijatimiza saa moja. Kwaya zigawane Jumapili. Matangazo, michango na minada vije baada ya mahubiri, na yaliyobandikwa ubaoni yasisomwe tena. Mahubiri ya Jumapili yawe ya nusu saa hivi, juu ya masomo ya siku, na wahubiri wageni waambiwe hivyo wanapoalikwa. Masomo ya Jumapili ijayo yatangazwe juma moja kabla ili jumuiya zije zimeshayasoma.

Kamati ya Ujenzi, kabla ya kununua spika nyingine, ilete fundi mwenye ujuzi apime sauti, azipange upya zilizopo, na atushauri kuhusu dari na mapazia mazito ukutani. Kijana wa mitambo agharamiwe mafunzo. Ninajitolea kuanzisha mchango wa dari hiyo katika jumuiya yetu, na wenzangu wa kwaya wameshaahidi.

Walemavu wa kusikia watengewe mahali mbele wanapoweza kuuona uso wa mhubiri, mbali na spika, na tuanze kutafuta mkalimani wa lugha ya alama.

Na kwa wanaotoka zamu za usiku, ibada ya kwanza iwe fupi kweli kama ilivyokusudiwa, ili wapate Neno kisha wakalale.

Naomba majibu ya Baraza yasomwe kwa washarika wote kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kama kuna hoja niliyoikosea, nirekebishwe kwa andiko au kwa ushahidi, nitanyamaza kwa furaha. Kama mkiona vema kuniita, nitakuja siku yoyote baada ya saa za kazi, na nitakuja na wenzangu wa jumuiya ambao wamesoma barua hii na kuikubali kabla sijaitoa.

Ninaendelea kuwaombea, na Jumapili nitakuwa kwenye benchi langu.

Wenu katika Kristo,

Msharika, mwalimu, na mwanakwaya wa sauti ya pili

Nakala:
Mkuu wa Jimbo
Wenyeviti wa jumuiya zote za usharika
Umoja wa Wanawake na Umoja wa Vijana
Ubao wa matangazo